Moyo wa Kereng'ende

Wiki ile Iringa nzima ilikuwa na ugonjwa mmoja, nao ulikuwa Kereng'ende. Ukienda kunyoa, kinyozi anakuuliza unadhani wameweka injini gani. Ukienda sokoni, muuza nyanya anakutajia bei ya gari kabla hajakutajia bei ya nyanya. Na gari lenyewe hakuna aliyekuwa ameliona! Kiwanda cha Lukosi kilikuwa kimetoa picha moja tu, ya gari lililofunikwa turubai, limeinama mbele kama paka anayevizia, na maneno mawili chini yake: Jumamosi hii. Basi. Yaliyobaki watu wakayajaza wenyewe.

Aliyeyajaza kuliko wote alikuwa Tulinagwe Mwaipaja, na yeye alikuwa na kisingizio, maana ndiyo kazi iliyokuwa ikimlisha. Alikuwa na kipindi cha magari redioni kila asubuhi, yeye na mwenzake waliyemwita Kiroboto, na mara nyingi akikisia injini ya gari ambalo halijatoka, alipatia. Alijidai, na haki ya kujidai alikuwa nayo. Kabla ya kushika maikrofoni alikuwa msoma-njia wa mashindano ya magari. Alikaa kiti cha kushoto, mumewe Gwamaka akiwa kwenye usukani, wakazichana barabara za vumbi za Mafinga na Njombe enzi ambazo magari bado yaliendeshwa kwa mikono ya watu. Gwamaka figo zilimchukua. Tangu mazishi, Tulinagwe hakukaa tena kwenye gari la mbio. Aliishia kuyasema tu.

"Mota mbili za umeme, zote nyuma," alisema asubuhi ile ya Alhamisi. "Hilo wala sibishani na mtu. Ugomvi uko kwenye ubongo wake. Magari yetu yanayojiendesha mnayajua. Kwenye lami mazuri, lakini yakiona tope yanasimama na kuomba radhi. Hawa Lukosi wanasema lao linakimbia kwenye tope la masika. Sawa. Lakini ubongo wa hivyo ni kamera na mitambo ya kununua nje. Halishuki milioni themanini."

"Themanini!" Kiroboto akapiga meza. "Dada Tuli, unawaua watu mapema yote hii, hata chai hawajanywa."

Simu zikafurika. Mmoja akasema injini ni ya hidrojeni, Kiroboto akamcheka hadi akapaliwa. Mwingine akaapa kwamba shemeji yake analinda geti la kiwanda na amesikia mngurumo wa silinda nane. Kisha akapiga mwanamke mwenye sauti ya kuchoka.

"Mimi naitwa Stamili, mkunga wa zahanati, huku ndani ndani kabisa, kwenye mashamba ya chai. Mambo ya injini mtanisamehe. Huku mama akishikwa na uchungu wakati wa mvua, tunampakia kwenye pikipiki, katikati ya watu wawili. Magari yenu ya kuomba radhi hayafiki. Kijiji tumechanga, tunalisubiri hilo la Jumamosi. Nauliza tu, dada, hiyo themanini umeisema kwa uhakika?"

"Kwa uhakika, mama," Tulinagwe akajibu. Mwenzangu, raha ya kuwa na uhakika huondoka haraka sana ukisikia mtu anashusha pumzi upande wa pili wa simu.

Hawajatoka studio, simu yake ikaita. Alikuwa Leodgar Haule, mhandisi mkuu wa Lukosi. Zamani Leodgar alikuwa fundi wa Gwamaka, kila jioni yuko chini ya gari lao, miguu tu inaonekana.

"Shemeji," alisema. "Umenivunja mbavu na themanini yako. Njoo kesho Mufindi ulione. Wewe uwe wa kwanza."

*

Barabara ya majaribio ilikatiza kwenye msitu wa misindano, ikatokea kwenye chai, ikarudi. Usiku mvua ilikuwa imenyesha na udongo mwekundu ulikuwa umelainika kama ugali wa moto. Kereng'ende lilisimama katikati ya njia, turubai limetolewa. Lilikuwa dogo kuliko alivyodhani, limeinuka kwa nyuma, na Tulinagwe alilipenda palepale, ingawa alikunja uso ili Leodgar asijue.

Leodgar akafungua boneti ya nyuma. Mota mbili. Tulinagwe akatoa mguno wa mtu aliyeshinda dau.

"Subiri," Leodgar akasema, akafungua na kifuniko cha mbele.

Mahali pa kompyuta palikuwa na chupa nene, na ndani ya chupa bonge la rangi ya mtindi, ukubwa wa kiazi, linaogelea kwenye maji ya uvuguvugu. Nyaya nyembamba kama nywele zilitoka humo na kwenda kila upande.

"Leo, hiki ni nini?" Tulinagwe akauliza, akilifupisha jina lake kama zamani.

"Ubongo wake. Sisi tunauita moyo. Unachukua damu ya mtu, unazirudisha chembe utotoni, unaziotesha ziwe chembe za fahamu. Halafu unazifundisha kwa kumbukumbu ya mtu huyohuyo. Mikono yake ilivyokata kona, mguu wake ulivyogusa breki, sikio lake lilivyosikia. Wa kwanza ni kazi ya miaka. Ukishaupata, mingine unakata kipande na kupanda, kama unavyopanda muhogo. Kamera za nje hatununui hata moja. Huu unaihisi barabara kwa tairi."

"Na bei?"

"Milioni kumi na mbili."

Tulinagwe akacheka. Akamtazama usoni, akaacha kucheka.

"Kumi na mbili, shemeji. Mwalimu atalinunua. Zahanati italinunua. Mimi nimezaliwa barabarani, mama yangu hakufika hospitali. Unadhani nimezeekea karakana hii kwa ajili ya vijana wa kuringa mjini?"

"Chembe za nani hizi, Leo?"

Leodgar akapangusa mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Panda kwanza. Kaa kushoto. Nikikuambia sasa hivi hutalisikia gari."

Akapanda, akafunga mkanda. Leodgar akaketi nyuma. Kiti cha kulia kilikuwa kitupu, na usukani ukaanza kugeuka wenyewe. Leodgar alikuwa akisoma namba kwa sauti kutoka kwenye kioo kidogo cha mkononi, joto la mota, mshiko wa tairi, kama wafanyavyo wapimaji wote, na gari likaingia msituni kwa mwendo wa heshima.

Kona ya kwanza, kulia. Kabla ya kufika, breki ikagongwa mara mbili, kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya wakwe. Matako ya gari yakaachiwa mapema, yakateleza, yakashikwa. Na kona ilipokwisha, usukani ukatikisika kidogo bila sababu yoyote. Mashabiki wa zamani waliujua mtikisiko ule, walikuwa wakiupigia vigelegele. Yalikuwa madoido ya mtu mmoja tu duniani.

Tulinagwe akaweka mkono mdomoni.

Kona ya pili ikabishwa hodi. Ya tatu pia. Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa. Miaka yote aliyolia kwa kutazama picha, na huyu hapa, anateleza kwenye tope kwa raha zake! Leodgar akamwona, akaacha kusoma namba, kwa adabu tu, ampishe alie.

Ndani ya gari pakawa kimya kabisa. Na kimya kilipoingia, gari likachomoka.

Sijui niseme vipi. Lilikuwa linakimbia, sasa likaruka. Misindano ikawa ukuta mmoja wa kijani. Leodgar alikamata kiti cha mbele, mdomo wazi, sauti haitoki. Mbele, pale msitu unapoishia na chai kuanza, lori la wachuma chai lilikuwa limekwama kwenye kona, na watu wameshuka wanalisukuma. Gari lilizidi kuongeza.

Ndipo Tulinagwe akaelewa. Wasoma-njia wengine huongea kama dalali mnadani, mita kwa mita. Wao wawili hawakufanya hivyo. Mwaka wao wa kwanza waligombana vibaya sana juu ya jambo hilo, mpaka Gwamaka akasema, "Mke wangu, niambie hatari tu. Ukinyamaza nitajua njia ni nyeupe." Wakaishi hivyo, wakashinda hivyo. Kimya cha Tulinagwe kilimaanisha kitu kimoja: kanyaga.

"Kushoto kali!" akapiga kelele. "Kushoto kali, lori, watu!"

Breki ikabisha hodi mara mbili. Gari likajilaza ubavu, likapita kando ya lori kwa upana wa kiganja, likatikisa usukani, likaenda mbele polepole likimsikiliza.

*

Walikaa kwenye kibanda cha wapimaji, chai mbele yao, hakuna aliyeigusa.

"Ile fulana yenye nyaya aliyokuwa akivaa kwenye mbio," Tulinagwe akasema. "Mlinidanganya inapima presha."

"Presha ilipima. Ilipima na mengine yote. Damu alinipa akiwa wodini. Akasema, usimwambie Tuli mpaka gari liende, atanifanyia matanga nikiwa hai." Leodgar akafuta macho kwa kiwiko. "Nilitaka iwe zawadi, shemeji. Haki ya Mungu nilitaka iwe zawadi."

"Ni zawadi." Na alimaanisha. "Lakini imekuwaje hamkuliona hili?"

"Kwa sababu hatunyamazi! Wapimaji huingia wawili, mmoja anasoma namba, mwingine anaitikia. Hakuna aliyewahi kukaa kimya humo ndani. Na kazi ya msoma-njia naijua kama kila mtu anavyoijua, kuongea. Huo mtindo wenu mlikuwa nao ninyi wawili tu."

"Mng'oe sikio."

"Sikio na mikono vimeota pamoja. Ukikata kimoja, kingine kinakufa."

Leodgar akainuka ghafla, uso umewaka. "Redio! Tunafunga redio isiyozimika. Ndani hakutakuwa na kimya kamwe!"

Wakarudi barabarani mbio mbio. Wakawasha redio, na kati ya sauti zote ikatokea ya Kiroboto, akimkejeli msikilizaji kuhusu silinda nane. Wakafunga midomo. Gari likaenda kwa mwendo wa heshima, kona hadi kona, likibisha hodi, halikuongeza hata kidogo. Wakarudia. Wakarudia tena. Leodgar alishuka akacheza kwenye tope na viatu vyake vya ofisini. Kumi na mbili ilikuwa imepona! Kesho uzinduzi ungeendelea, na Gwamaka angekimbia kwenye barabara zote za nchi, kila masika, akiwabeba wajawazito na walimu.

Tulinagwe alibaki ndani ya gari, na hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Walipooana walipanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga. Wiki za mwanzo hakuna aliyelala. Kisha Gwamaka akaizoea. Mashine inanguruma ukuta unatikisika, yeye anakoroma, lakini mkewe akinong'ona jina lake anafumbua macho. Sikio lake lilijifunza ipi ni kelele na ipi ni Tuli. Lingejifunza tena. Lisingechukua muda mrefu. Siku moja redio ingekuwa inaimba, mama mjamzito amesinzia kwa uchovu, mkunga hana la kusema, na Gwamaka angesikia kile kimya kilichoko chini ya muziki, akaona njia ni nyeupe.

Hakuna kipimo cha Lukosi ambacho kingeonyesha hivyo leo wala kesho. Ni yeye tu aliyejua. Angeweza kushuka, akala chakula cha mchana, akarudi nyumbani, na mume wake angeishi. Nani angemlaumu? Pengine alikuwa anakosea! Alijiambia hivyo, mara mbili, na mara zote mbili hakujiamini.

Akashusha kioo. "Leo. Huu moyo unaendelea kujifunza?"

"Kila siku. Ndio uzuri wake."

"Basi redio ataizoea."

Leodgar akaacha kucheza. "Unalijuaje hilo, shemeji? Tumepima mara ngapi hapa?"

"Nimelala naye, Leo."

Alimsimulia mashine ya kusaga. Leodgar alisikiliza akiwa amesimama kwenye tope, na jinsi alivyokuwa akisikiliza ndivyo mabega yake yalivyokuwa yakishuka. Hakubisha. Kuna watu wangebisha, na ningekuwa na hadithi nyingine ya kuwasimulia, ya kiwanda na mawakili. Huyu alikuwa amezaliwa barabarani.

"Tukiuondoa, inabidi kamera za nje," akasema hatimaye. "Bei inakuwa ileile uliyoitaja redioni. Ulipatia." Akajaribu kutabasamu, ikashindikana. "Kumwotesha dereva mwingine ni miaka. Na sheria ya vitu hivi ni kali. Moyo wa kwanza ukiwa na hitilafu, tunaua na vipando vyote."

"Vyote?"

"Shemeji, nikikuwekea kipande kimoja kwenye chupa, nani atajua? Ukae nacho nyumbani. Kinahitaji sukari kidogo na joto."

Ee, alikitamani! Aliona kabisa atakakoiweka chupa, kwenye kabati la sebuleni, mahali pa jua la asubuhi. Akamwona na Gwamaka ndani yake, hana tairi, hana barabara, anasubiri kuambiwa hatari iko wapi.

"Kabatini atafanya nini, Leo?" akasema. "Atachanganyikiwa."

*

Jumamosi hapakuwa na uzinduzi. Leodgar alikwenda studio yeye mwenyewe, akaeleza hitilafu bila kuipaka sukari, na Tulinagwe akaeleza moyo ulikuwa wa nani. Kiroboto, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alikaa anachezea waya wa maikrofoni.

Watu walikasirika. Mmoja akasema ni njama za waagizaji magari. Mwingine akamwambia Tulinagwe amependa sifa, ametaka kipindi chake kiongelewe. Alivumilia wote, mpaka alipopiga Stamili.

"Kwa hiyo themanini, dada."

"Themanini, mama. Nisamehe."

"Lakini lingetufikisha. Mmesema wenyewe linapita tope."

"Lingewafikisha leo na kesho. Siku ya siku lingewaua, wewe na mjamzito wako. Na sitaki awe yeye aliyewaua. Hakuwahi kumgonga hata mbuzi."

Upande wa pili mtoto alikuwa analia mahali fulani, mchanga kabisa.

"Turudi kwenye pikipiki," Stamili akasema.

"Kwa sasa, mama."

"Kwa sasa," akarudia, na simu ikakatika. Tulinagwe hakuweza kuendelea na kipindi. Kiroboto akapiga muziki mpaka saa ikaisha.

*

Jumatatu wakaua. Vipando vilizimwa asubuhi, haraka, kwenye friji lao. Moyo wa kwanza, ule wa ndani ya gari, haukuweza kuzimwa hivyo, maana moyo uliolala haupokei dawa. Ilibidi uwe unafanya kazi. Wakalipandisha Kereng'ende juu ya magurudumu ya chuma ya karakana, ambapo tairi huzunguka bila gari kwenda popote, na Leodgar akashika bomba la sindano mbele, kifuniko kimefunguliwa.

Tulinagwe aliomba kukaa kushoto. Akafunga mkanda.

Mafundi wote walikuja. Walisimama mstari ukutani, wakavua kofia, na kwa kuwa walikuwa watu waliolelewa vizuri, walifanya kile ambacho kila mtu hufanya msibani. Wakanyamaza.

Tairi zikaongeza. Chuma kikaanza kuimba chini. Mota zikapanda, zikapanda tena, na karakana nzima ikatetemeka, spana zikiruka kwenye meza. Mafundi wakatazamana. Mmoja akafumba macho, akaelewa.

"Shemeji!" Leodgar akaita kwa ishara zaidi kuliko sauti. "Mwambie neno, apunguze, ndipo nimchome!"

Tulinagwe akatikisa kichwa. Akaweka kidole mdomoni, na wote wakazidi kunyamaza. Kwa kadiri gari lilivyoweza kujua, njia ilikuwa nyeupe mpaka mwisho wa dunia. Usukani ukatikisika kidogo, yale madoido. Alimwacha akimbie. Alimwacha mpaka aliposikia kwamba ameshiba, na hilo nalo ni yeye tu aliyejua kulisikia, kisha akamtazama Leodgar na kuinamisha kichwa.

Leodgar akasukuma dawa huku analia waziwazi.

Mota zikazimika. Tairi ziliendelea kuzunguka peke yake kwa muda, zikapungua, zikasimama. Mafundi wakaanza kutoka mmoja mmoja, kofia mkononi. Tulinagwe hakufungua mkanda. Aligeukia kiti cha kulia akaanza kuongea, habari za nyumba, za paa lililovuja, za Kiroboto, za jinsi alivyolala upande mmoja wa kitanda miaka yote hii, mambo yote ambayo hakuwahi kumwambia njiani, na aliongea mpaka jioni, maana sasa maneno yake hayakuwa na mtu wa kumpunguzia mwendo.